Kumbukumbu za mizinga na programu ninayokaribia kuiacha

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ya kushauri vikundi vya wafugaji nyuki katika wilaya za Sikonge, Uyui na Kaliua imekuwa ikihifadhiwa ndani ya programu moja ya simu ya kuandikia kumbukumbu, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa mengi ninayoyalalamikia si yake peke yake. Ndani yake mna taarifa za kila manzuki, yaani eneo lililotengwa kwa mizinga, niliyoitembelea: mizinga iliyotundikwa na aina ya mti ilipotundikwa, mizinga iliyoingia nyuki na ile iliyobaki mitupu, hali ya masega siku ya ukaguzi, dalili za nyegere au siafu, ndoo za asali zilizorinwa na kilo za nta zilizopatikana baada ya kuchuja. Mna picha, mna sauti za wazee wakieleza mwaka gani miti ya mitundu ilichanua mapema na mwaka gani ilichelewa, na mna namba za simu za viongozi wa vikundi.

Siku hizi ninaifungua programu hiyo kwa kinyongo, na kwa muda sasa nimekuwa nikipima njia nyingine. Naandika haya kwa ajili ya maafisa ugani wenzangu, walimu, wahudumu wa afya na wengine wote wanaoweka kazi yao kwenye simu mahali ambapo mtandao hauna uhakika, kwa sababu mapendekezo mengi ninayoyasoma kuhusu programu za aina hii yanaelekea kuandikwa na watu ambao hawajawahi kushinda kutwa nzima bila mtandao.

Na mtandao ndio ugomvi wetu wa kwanza. Ukitoka Tabora mjini kwenda Sikonge huna shida, lakini ukiipita Ipole kuelekea Rungwa, au ukiiacha barabara kuu ya Kaliua na kuingia msituni, simu hubaki kuwa kamera na tochi. Programu yangu inajisifu kwamba hufanya kazi bila mtandao, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwani kumbukumbu uliyoifungua siku za karibuni itafunguka tena. Zile za zamani hukuonyesha kichwa tu. Maandishi yenyewe yako kwenye seva huko ng'ambo, na ukikigusa kile kichwa, kiduara huanza kuzunguka na hakikomi. Mzee mmoja wa kikundi cha Kaliua aliniuliza mbele ya wenzake, "Bwana nyuki, hebu tutazamie, ile mizinga ya kule bondeni mwaka juzi ilitupa ndoo ngapi?" Nikatoa simu, nikagusa, kiduara kikazunguka. Mzee alisubiri kwa heshima, kisha akawageukia wenzake na kuwatajia hesabu kutoka kichwani, mzinga kwa mzinga, na alipomaliza akaniambia kwa upole, "Iache ipumzike, mwanangu, imetoka mbali."

Jambo linaloniudhi hapo ni kwamba maandishi ninayoyazungumzia ni mepesi mno. Kumbukumbu ya ziara moja, bila picha, haifiki hata ukubwa wa ujumbe mmoja wa sauti wa WhatsApp. Maandishi ya miaka yote niliyofanya kazi hii yangeweza kukaa kwenye simu yangu bila simu kujua kwamba imebeba kitu. Kuyaweka mbali na mimi ni uamuzi wa waliotengeneza programu, ambao wamechukulia kwamba mtumiaji wao yuko mjini na mtandao uko hewani saa zote, na kwamba simu ni dirisha tu la kuchungulia mali iliyoko kwao.

Ugomvi wa pili unatokana na huo wa kwanza. Ninaandika kwenye simu nikiwa porini, na jioni nikirudi nyumbani naongeza maelezo kwenye kompyuta. Ikiwa kompyuta ilikuwa na toleo la zamani na simu haijapata nafasi ya kupeleka toleo jipya, seva hupokea matoleo mawili yaliyobadilishwa pande mbili tofauti na haina njia ya kujua lipi ni sahihi. Programu zilizotengenezwa kwa uangalifu hujaribu kuyaunganisha mstari kwa mstari, nyingine huchukua lililochelewa kuandikwa na kulitupa lile la awali kimyakimya. Yangu hutengeneza nakala mbili zenye jina moja na kukuachia mwenyewe uamue. Si njia mbaya kuliko zote, nakiri, kwa maana walau hakuna kinachopotea. Lakini baada ya msimu mmoja wa kurina asali, orodha yangu ilikuwa imejaa kumbukumbu pacha, na kila jozi ilinitaka niketi niisome yote ili nijue sentensi ipi iko huku na haiko kule.

Kuhusu uzito wa programu sitasema mengi, kwa sababu kila mwenye simu ya bei ya kawaida anaujua. Kila sasisho hula bando na huongeza kitu ambacho sikukiomba. Zamani ukiifungua ulikuta karatasi tupu na kishale kinachokusubiri uandike. Sasa kuna ukurasa wa kukukaribisha, kuna violezo vya mikutano, na kuna kitufe cha akili mnemba kinachojitolea kufupisha maelezo yangu ya masega, maelezo ambayo tayari niliyaandika kwa ufupi kwa kuwa nyuki walikuwa wananiuma. Bei nayo inatajwa kwa dola, hulipwa kwa ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia pesa za simu, na kwa hiyo hupanda hata pale kampuni yenyewe isipoipandisha.

Kuna kasoro nyingine ambayo sijaiona ikiandikwa popote, labda kwa sababu huonekana tu kwa mtu anayeandika kwa Kiswahili, nayo ni ya utafutaji. Programu nyingi, ili zisilazimike kusoma maandishi yote kila unapotafuta jambo, hutengeneza faharasa, yaani orodha ya kila neno lililomo na mahali lilipo, na orodha hiyo husomwa kuanzia herufi ya kwanza ya neno. Kwa Kiingereza utaratibu huo unafaa, kwani maneno yao kwa kawaida hubadilika mwishoni: ukiandika herufi chache za mwanzo, umoja na wingi vyote huja. Kwetu mambo huanza kubadilika mlangoni. Nikitafuta "mzinga", kumbukumbu zote nilizoandika "mizinga" hazitokei. Nikitafuta "rina" nikitaka kuona habari za mavuno, sipati kitu, kwa sababu katika maandishi yangu yote neno hilo halijawahi kusimama peke yake. Kuna "tulirina", kuna "wamerina", kuna "haikurinwa" na "itakayorinwa", na kwa programu hayo ni maneno manne yasiyojuana.

Kwa muda nilijaribu kujisaidia kwa kuweka lebo chini ya kila kumbukumbu, neno moja la mavuno, jingine la ukaguzi, jingine la wizi. Inasaidia, lakini lebo hukumbuka yale tu uliyojua siku ile kwamba utayahitaji. Mwaka ambao wafugaji wa vijiji kadhaa walianza kulalamika kwamba makundi ya nyuki yanahama mapema, nilitaka kurudi nyuma nione kama dalili zilikuwapo misimu iliyotangulia. Nilikuwa nimeandika kwa namna nyingi, "nyuki wamehama", "kundi lilihama", "mzinga umehamwa", bila lebo yoyote kwa kuwa halikuwa suala wakati ule. Nililazimika kusoma kumbukumbu moja baada ya nyingine, kazi ambayo kaunta buku ingeifanya kwa wepesi zaidi kwa kuwa kurasa hufunuliwa haraka kuliko skrini.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia. Kilichonifanya nianze kutafuta pa kwenda ni siku nilipotaka kutoa kumbukumbu zangu nje ya programu, si kwa kuhama, bali kwa kutaka nakala rudufu ya kuweka kwenye kompyuta. Nilikuta kwamba kwenye simu unaweza kutoa kumbukumbu moja kwa wakati, kama PDF, ambayo ni nzuri kwa kuchapa lakini si kwa kuendelea kuandika. Kwenye kompyuta unaweza kutoa zote kwa mkupuo, na ukifanya hivyo unapata furushi ambamo maandishi yako folda moja, picha folda nyingine zikiwa na majina ya herufi na tarakimu zisizo na maana kwa binadamu, na kila faili ina tarehe ya siku ulipolitoa badala ya siku ulipoliandika. Kwa mtu anayehifadhi mapishi labda si hoja. Kwa kumbukumbu za mizinga, tarehe ni nusu ya habari: asali iliyorinwa Juni na iliyorinwa Novemba ni za maua tofauti, na ukiondoa tarehe unabaki na ndoo tu.

Wakazi wa Tabora wanalijua tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho, na wanajua kwamba Livingstone aliishi humo mwaka 1872. Kisa ambacho hakisimuliwi sana ni cha maandishi yake. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliishiwa karatasi na wino, akawa anaandika shajara juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akiyakata maneno yaliyochapwa, kwa wino alioupata kutokana na mbegu za mmea wa huko. Mambo hayo aliyanakili kwenye daftari kubwa, na daftari hilo ndilo alilolifunga kwa lakiri na kumkabidhi Stanley walipoagana hapa Unyanyembe, kama eneo hili la Tabora lilivyoitwa, mwezi Machi 1872. Zile kurasa za gazeti zilifika Uingereza pia, lakini wino ulififia hata hazikusomeka, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuzitangaza mwaka 2011. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba maelezo ya daftari na ya gazeti hayalingani kila mahali, kwani katika kunakili mwandishi alikuwa amebadilisha mambo. Nilipokuwa nikitazama furushi langu lisilo na tarehe nilimfikiria sana mzee yule. Yeye walau alinakili kwa mkono wake na aliyabadilisha kwa kutaka. Mimi yangu yamebadilishwa na kitufe.

Basi nikaanza kupima njia nyingine, nikianza na ile iliyo karibu. Mwenzangu anayefanya kazi kama yangu upande wa Urambo anatumia kaunta buku ya kwaya tatu, moja kwa kila kata, na kila nikimlalamikia hunijibu, "Kaka, daftari langu halijawahi kuniambia liko nje ya mtandao." Ana haki ya kunicheka. Daftari halina betri, halina nenosiri, na mwenyekiti wa kikundi anaweza kulishika, akalisoma na kutia sahihi yake. Lakini karatasi ina maadui zake katika mkoa huu, mvua ya Januari ukiwa juu ya pikipiki na mchwa nyumbani, na zaidi ya hapo daftari ni moja. Likipotea kwenye basi limepotea pamoja na kila kilichomo. Yeye sasa hupiga picha kila ukurasa jioni, jambo ambalo ni la busara, ingawa picha ya mwandiko wake hakuna programu itakayoisoma; mimi mwenyewe huwa naisoma kwa kukisia.

Njia ya pili ndiyo inayotumiwa na watu wengi kuliko wanavyokiri, nayo ni WhatsApp. Kabla kampuni haijaweka rasmi uwezo wa kujitumia ujumbe mwenyewe, mwishoni mwa 2022, watu walikwisha kuunda makundi ya mtu mmoja na kuyafanya daftari. Inafunguka haraka, inahifadhi picha na sauti kwenye simu yenyewe, na haiulizi mtandao ili kukuonyesha ulichoandika jana. Tatizo ni kwamba mazungumzo ni mto: kila jambo lipo mahali lilipopita, huwezi kurudi ukarekebisha kumbukumbu ya mwezi uliopita, huwezi kupanga kwa kijiji wala kwa mwaka. Kwa orodha ya sokoni inatosha. Kwa historia ya manzuki haitoshi.

Google Keep, programu ya kumbukumbu iliyoanza mwaka 2013, ni nyepesi na hukaa vizuri kwenye simu bila mtandao, na ningeipendekeza kwa mtu ambaye kumbukumbu zake ni fupi na hazina mpangilio mkubwa. Haina folda, ina lebo tu, na nimekwisha kueleza lebo zilivyoniangusha. OneNote ina mpangilio mzuri wa madaftari, sehemu na kurasa, na ni ya bure, ila kwenye simu inataka akaunti ya Microsoft na huyaweka madaftari kwenye OneDrive, hifadhi yake ya mtandaoni, ambako nafasi ya bure ni gigabaiti 5, na kwenye simu yangu hufunguka kwa mwendo wa treni ya mizigo. Notion nimeisifiwa sana na vijana wa mjini. Ni hodari kwa majedwali, na jedwali la mizinga ningelipenda, lakini kwa miaka mingi ilitegemea mtandao kabisa, na uwezo wa kufanya kazi bila mtandao uliongezwa Agosti 2025 tu. Kitu kilichoongezwa juu baada ya nyumba kuezekwa mimi hukiangalia misimu miwili kwanza.

Kuna suala la siri ambalo hapo mwanzo nililichukulia kijuujuu, na sasa naliona kuwa kubwa. Kumbukumbu zangu zina majina ya watu, namba zao za simu na mahali hasa mizinga yao ilipo. Wizi wa asali upo, na ramani ya mizinga iliyojaa ni mali ya thamani kwa mwizi. Tena tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, iliyotungwa mwaka 2022, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, hata kama zimo kwenye simu yake ya mfukoni. Kwa sababu hiyo niliitazama Standard Notes, ambayo husimba kila kitu, yaani hukifumba kisisomwe na asiye na ufunguo, kabla hakijaondoka kwenye simu na ambayo tangu Aprili 2024 iko chini ya kampuni ya Proton ya Uswisi. Ni nzuri kwa maandishi matupu. Ukitaka kuweka picha inabidi ulipe, na mimi bila picha za masega sina ripoti.

Waliobaki ni wawili, Joplin na Obsidian, na hapa nilikaa kwa muda mrefu zaidi.

Joplin ni programu huria, msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi kwa yeyote, na haikulazimishi kutumia seva yake: unaweza kuiambia ipeleke nakala Dropbox, OneDrive, au hata kwenye folda ya kawaida, na unaweza kuiamuru isimbe kila kitu kabla ya kupeleka. Kumbukumbu zote hukaa ndani ya simu, kwa hiyo kule Ipole hakuna kiduara. Ukiweka picha kubwa hukuuliza kama ipunguze ukubwa, swali ambalo mtu mwenye bando la wiki hulishukuru. Utafutaji wake wa kawaida una ule ugonjwa wa kusoma neno kuanzia mwanzo, lakini ukitanguliza alama ya mkwaju, yaani ukiandika /rina, huacha faharasa na kutafuta herufi hizo popote zilipo, na "haikurinwa" hutokea. Na jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba hutoa na kupokea faili ambazo juu yake tarehe ya kuandikwa imewekwa kama maandishi, ili isitegemee tarehe ambayo kompyuta inajisikia kuipa faili.

Obsidian, iliyoanza mwaka 2020, si huria, msimbo wake umefungwa, lakini imechukua msimamo ambao kwangu unafidia: kila kumbukumbu ni faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda ya kawaida. Ukiifuta programu leo, folda inabaki, na unaweza kuisoma kwa kitu chochote kinachofungua maandishi. Faili hizo hufuata mtindo wa Markdown, uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, ambamo kichwa cha habari huwekewa alama ya reli (#) na orodha huwekewa kistari, basi. Ni ya bure hata kwa kazi za ofisi tangu Februari 2025. Utafutaji wake huingia katikati ya neno bila kuombwa, na hapo ndipo nilipogundua upande wa pili wa shida: nilipoandika "zinga" ili nipate mzinga na mizinga kwa pamoja, ililetwa pia kila ripoti niliyoandika "kuzingatia", na ripoti za ugani, kama mnavyojua, huzingatia kupita kiasi. Dawa yake ni kuandika /mi?zinga/, maana yake herufi i iwepo au isiwepo, na tangu nijue hilo nimepata mambo ambayo nilidhani sikuyaandika kamwe.

Kinachokosekana kwenye Obsidian ya bure ni usawazishaji kati ya simu na kompyuta. Huduma yao wenyewe huanzia dola 4 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, na nisingependa kutoka deni moja la dola kwenda jingine. Nimejaribu Syncthing, programu huria inayonakili folda moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa bila kupitia seva ya mtu. Uzuri wake kwa mazingira yetu ni kwamba haihitaji intaneti: nawasha hotspoti ya simu, kompyuta inajiunga, folda mbili zinalingana, na bando halijaguswa. Kasoro ni kwamba programu yake rasmi ya Android iliachwa kuendelezwa mwishoni mwa 2024, na inayotumika sasa inatunzwa na wengine waliouchukua msimbo ule. Programu huria ina faida hiyo, kwamba akichoka mmoja mwingine anaweza kushika jembe, lakini sitajidanganya kwamba lazima atapatikana. Siku akikosekana nitatumia waya wa kuchajia, ambao pia hunakili folda na hauhitaji sasisho.

Nayo Syncthing hutengeneza nakala pacha pale faili moja linapobadilishwa pande mbili, na hapo niliona kwamba ugomvi wangu wa pili hautatatuliwa na programu yoyote. Nimeutatua kwa kubadilisha namna ninavyoandika. Zamani nilikuwa na kumbukumbu moja ndefu kwa kila kikundi, nikiiongezea kila ziara, na kwa hiyo kila ziara iliibadilisha. Sasa kila ziara ina faili lake, jina lake likianza na mwaka, mwezi na siku, halafu kijiji, na likishaandikwa siligusi tena. Nikikumbuka jambo usiku naandika faili jingine. Kwa kuwa mwaka umetangulia, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano, na tarehe imo ndani ya jina ambako hakuna kitufe cha kuifuta. Sauti za wazee nazirekodi kwa kinasa sauti cha kawaida cha simu na kuziweka folda hiyohiyo, badala ya kuzifungia ndani ya programu. Majina na namba za simu nimezitenga, ziko Joplin, zimesimbwa, na kwenye faili za ziara natumia namba ya uanachama ya mfugaji.

Kwa hiyo kwa sasa ninatumia zote mbili, jambo ambalo mwenzangu wa Urambo analiona kuwa kichekesho, mtu aliyelalamikia programu moja sasa anazo tatu, kwa kuwa ile ya zamani bado haijafutwa. Nampa haki kwa kiasi. Lakini tofauti ninaiona kila jioni: nikitaka kuiacha Obsidian kesho sihitaji ruhusa ya Obsidian, na nikitaka kumpa mwenzangu kumbukumbu za kata anazozirithi, namnakilia folda kwenye flashi na yeye anazifungua kwa programu yoyote aliyonayo, au anazichapa na kuzibandika kwenye kaunta buku yake, akitaka.

Usajili wa programu ya zamani unakwisha mwishoni mwa Mei, kabla msimu mkubwa wa kurina haujashika kasi, na sitaulipia tena. Maandishi ya Kaliua na Uyui yamekwisha kuhama, tarehe zake nikiziandika upya kwa kuangalia ndani ya programu yenyewe, kumbukumbu moja baada ya nyingine, kazi ya kuchosha ambayo nimeigawa kwa jioni nyingi. Ya Sikonge bado, na hasa picha zake, ambazo zimetoka bila majina. Nimekubaliana na mwenyekiti wa kikundi kimoja cha Ipole kwamba nitampelekea kompyuta tukae tuzitambue kwa kuangalia miti, maana yeye anamjua kila mninga na kila myombo wenye mzinga wake. Amesema atazijua zote isipokuwa zile nilizopiga kwa karibu mno, ambazo ndizo nyingi.